Mwandishi Akiweka Kalamu Chini



Kila waandishi na wasomaji wanapokutana, swali la kwanza huwa lile lile: hadithi hii uliipata wapi? Mwandishi hujibu kwa adabu. Atamtaja bibi yake aliyemsimulia ngano, atataja vitabu alivyosoma shuleni, labda na mwalimu mmoja aliyempa moyo. Hasemi uongo, lakini anatoa nusu ya jibu, kwa sababu swali lenyewe ni nusu. Mimi leo naomba tuulize jingine. Mwandishi huyu akiweka kalamu chini, hufanya nini? Asubuhi hutoka kwenda kazi gani? Jioni hucheza nini, hufuga nini, hulima nini, hukusanya nini?

Nitawataja watu ambao majibu yao huenda yakawashangaza, na kwa majibu hayo nitajenga hoja moja. Waandishi wengi tunaowaheshimu walikuwa na mahali pengine pa kuishi, nje ya kitabu, ambapo sifa zao hazikuwasaidia wala ufasaha wao haukuwaokoa. Ndani ya riwaya unaweza kuamuru jahazi lielee, nalo likaelea. Ufukweni, jahazi lisilokalafatiwa vizuri huvuja, hata kama aliyeliunda ni mshairi mashuhuri. Mtu anayeshinda mahali pasipokubali kudanganywa hurudi mezani kwake na jicho jingine.

Nianzie Unguja. Muhammed Said Abdulla alizaliwa mwaka 1918, nasi sote tunamjua kwa Bwana Msa, yule mpelelezi wa kiko na utulivu. Hadithi ya kwanza ya Bwana Msa, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda shindano la uandishi lililoandaliwa na East African Literature Bureau, ikatoka kama kitabu mwaka 1960. Baada yake zikaja nyingine: Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri, Mke Mmoja Waume Watatu, Mwana wa Yungi Hulewa. Mwanafunzi yeyote wa fasihi atawatajia orodha hiyo. Asichoweza kuwatajia, kwa sababu hakufundishwa, ni kwamba Abdulla alipomaliza shule mwaka 1938 aliajiriwa katika idara ya afya akiwa mkaguzi. Alikuwa bwana afya. Alifanya kazi hiyo kwa karibu miaka kumi kabla ya kuwa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Na tangu 1958 mpaka alipostaafu mwaka 1968 alikuwa mhariri wa Mkulima, gazeti la kilimo. Maana yake ni kwamba miaka ile ile Bwana Msa alipokuwa anawatia wasomaji hamu ya kujua nani kaua, muumba wake mchana alikuwa akishughulika na habari za mazao.

Nataka tukae kidogo kwenye huo ubwana afya. Kazi yake ni kuingia katika nyumba za watu asizozijua, kufunua mitungi na kutazama kama mna viluwiluwi vya mbu, kuchungulia kisima, kuangalia choo kiko umbali gani na maji ya kunywa. Homa ikiingia mtaani, mmoja atasema ni kijicho, mwingine atasema ni shetani ambaye hakutolewa chano chake. Bwana afya akicheka, milango itafungwa na hataambiwa kitu. Akikubali, kazi yake imekwisha. Basi anakaa kwenye baraza, anapokea kahawa, anasikiliza yote, halafu anauliza taratibu: aliyeanza kuugua ni nani? Alikunywa maji ya wapi? Siku gani? Nani mwingine alikula naye?

Sasa rudini kwenye Mzimu wa Watu wa Kale. Bwana Ali amekutwa amekufa penye mzimu, mahali ambapo watu hupeleka nadhiri zao, na hofu imetanda. Bwana Msa hawadharau wanaouogopa mzimu. Anawasikiliza, anavuta kiko chake, kisha anauliza nani alikuwa wapi na saa ngapi. Sidai kwamba Abdulla alikaa akasema, nitamfanya mpelelezi wangu kuwa bwana afya aliyevua koti la serikali. Nasema tu kwamba adabu ile ya kusikiliza bila kukubali na bila kucheka haipatikani katika vitabu. Hupatikana kwenye baraza za watu, miaka mingi, mtu akiwa na daftari la serikali mkononi. Na kwamba kitabu kilichofuata kinabeba kisima katika jina lake, mimi nikikumbuka ilikuwa kazi ya nani kuchungulia visima, siwezi kupita bila kutabasamu.

Huenda mtu akasema hiyo ni sadfa. Basi tuwatazame wawili wengine wa fani hiyo hiyo. Arthur Conan Doyle, aliyemwumba Sherlock Holmes, alikuwa daktari. Alifungua chumba cha tiba karibu na Portsmouth mwaka 1882, wagonjwa wakawa wachache, na saa za kungoja wagonjwa akazitumia kuandika. Holmes alimfinyanga kwa mfano wa mwalimu wake wa udaktari kule Edinburgh, Joseph Bell, aliyesifika kwa kumtazama mgonjwa na kueleza kazi yake na safari zake kabla mgonjwa hajafungua kinywa. Na Agatha Christie, wakati wa vita vya kwanza vya dunia, alifanya kazi katika chumba cha dawa cha hospitali huko Torquay. Alisomea kazi hiyo, akafaulu mtihani wake, akawa anapima na kuchanganya dawa ambazo kipimo kikizidi kidogo huwa sumu. Riwaya yake ya kwanza, iliyotoka mwaka 1920, ina mauaji ya sumu iitwayo strikinini, na jarida la wafamasia la Uingereza likamsifu kwa jinsi alivyoielewa.

Bwana afya, daktari, mtoa dawa. Wote watatu kazi yao ilikuwa kushughulika na madhara yasiyoonekana kwa macho, na wote watatu walijua kuwa ukikosea, mtu halisi anadhurika. Shule za uandishi hazina somo zuri kuliko hilo.

Kutoka Unguja twendeni Lamu, kwa Ahmed Sheikh Nabhany, aliyezaliwa mwaka 1927 na kututoka mwaka 2017. Huyu alikuwa mshairi na mhifadhi wa maneno. Utenzi wake Sambo ya Kiwandeo, uliochapishwa Leiden mwaka 1979, unaeleza chombo cha baharini kinavyoundwa na kinavyosafiri. Mwingine, Umbuji wa Mnazi, unahusu mnazi na kila kitu kinachotoka kwake. Mtu hawezi kutunga kitu kama Sambo ya Kiwandeo akiwa amekaa chumbani na kamusi, kwa sababu sehemu kubwa ya maneno hayo haikuwamo katika kamusi yoyote. Yalikuwa vinywani mwa mafundi wa vyombo: majina ya mataruma na mahali kila moja linapokaa, majina ya mbao kwa kadiri ya nafasi yake ubavuni mwa chombo, namna ya kukalafati kwa pamba, mafuta ya sifa yanavyopakwa mbao zisioze. Fundi hakupi maneno hayo ukija kumhoji kama afisa. Hukupa ukishika ncha ya ubao naye akashika nyingine, na ukilitumia neno vibaya atakurekebisha palepale, mbele ya wanafunzi wake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Nabhany aliinama. Leo vyombo vya mbao vinapungua mwaka hadi mwaka katika pwani yetu, na mtu atakayetaka kujua wazee waliviundaje, mojawapo ya mahali pa kuanzia ni shairi.

Nimetaja hospitali, sitaki niiache bila kuwataja wanawake wawili wa Kenya na mwanamume mmoja wa Unguja.

Grace Ogot, aliyezaliwa mwaka 1930, alisomea uuguzi Mengo, Uganda, kisha akaendelea London katika hospitali ya St Thomas', akarudi kufanya kazi Maseno. Riwaya yake The Promised Land, ya mwaka 1966, inawafuata mke na mume Waluo wanaohamia Tanganyika kutafuta ardhi. Mume anapatwa na ugonjwa wa kutisha wa ngozi, kama miiba inayomwota mwilini. Hospitali inashindwa. Anayemponya ni mganga wa jadi. Hebu fikirini anayeandika maneno hayo ni nani: ni muuguzi aliyefuzu London, aliyevaa sare nyeupe, aliyetoa sindano kwa mikono yake. Mwandishi mwingine angeandika hivyo kwa kushabikia mila, na mwingine asingethubutu kwa kuogopa kuonekana mshamba. Ogot alikuwa amekaa kando ya vitanda vya wagonjwa, akaona dawa inavyofanya kazi na akaona pia dawa inavyoshindwa. Kwa hiyo aliweza kuandika kushindwa kwa hospitali bila chuki na bila kiburi. Baadaye huyo huyo alitangaza redioni, akawa na maduka ya nguo Nairobi, akawa mbunge na waziri mdogo. Akaandika pia kwa lugha yake ya Kijaluo.

Margaret Ogola alikuwa daktari wa watoto. Kitabu chake The River and the Source, cha mwaka 1994, kimesomwa na maelfu ya wanafunzi wa sekondari Kenya. Wachache kati yao waliambiwa kwamba mama huyu aliongoza kituo cha Cottolengo, Nairobi, kilichowalea watoto yatima wenye virusi vya UKIMWI, katika miaka ambayo virusi hivyo vilikuwa ni hukumu ya kifo. Riwaya ile inafuata vizazi vinne vya wanawake, na mwisho wake unafika kwenye ugonjwa huo. Kwa Ogola hiyo haikuwa mada iliyochaguliwa kwa sababu ilikuwa inazungumzwa. Ilikuwa wodi yake.

Na Abdulrazak Gurnah, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 2021, alipofika Uingereza akiwa kijana kutoka Unguja alifanya kazi ya mhudumu katika hospitali ya Canterbury. Daud, kijana wa riwaya yake Pilgrims Way ya mwaka 1988, ni mhudumu wa hospitali katika mji huo huo. Wanaomsoma Gurnah kama profesa wa chuo kikuu peke yake wanakosa kumwona kijana mgeni anayesukuma vitanda.

Mpaka hapa nimezungumzia ajira, na ajira mtu huifanya apate kula. Ipo shughuli nyingine, ile anayoifanya mtu bila kulipwa, pengine hata inamgharimu, na bado haiachi. Hapo ndipo mambo yanapokuwa ya ajabu zaidi.

Mrusi Vladimir Nabokov alikuwa na wazimu wa vipepeo tangu utotoni. Alipokimbilia Marekani aliingia katika jumba la makumbusho ya elimu ya wanyama la Chuo Kikuu cha Harvard, na tangu 1942 hadi 1948 akawa mtunzaji wa mkusanyo wa vipepeo. Alikaa kwenye darubini saa nyingi kwa siku, akihesabu magamba ya mabawa, safu kwa safu, akichora viungo vya uzazi vya vipepeo wadogo wa buluu, mpaka macho yake yakaharibika. Mwaka 1945 alitoa dhana kwamba vipepeo hao wa buluu wa Amerika ya Kusini walitoka Asia, wakavuka kwa awamu kupitia kaskazini. Wataalamu wengi hawakuitilia maanani. Kwao alikuwa mwandishi anayejifurahisha. Mwaka 2011, miaka 34 baada ya kifo chake, uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba alikuwa sahihi, na awamu alizozitaja zilikuwa kama alivyozitaja.

Na Lolita, riwaya iliyomletea umaarufu na ugomvi, aliiandika kwa sehemu kubwa katika safari za kiangazi za kukamata vipepeo magharibi mwa Marekani, mkewe Véra akiendesha gari kwa sababu yeye Nabokov hakujua kuendesha, yeye akiandika kwenye kadi ndogo. Wasomaji wake wamesifu siku zote jinsi anavyoona: rangi ya kitu, umbo lake, mwanga unapolala juu yake. Mimi naamini darubini ilichangia. Mtu aliyezoea kujua kwamba tofauti ndogo sana hutenganisha spishi na spishi hawezi kuandika kwamba ua lilikuwa zuri, kisha akaridhika.

Lakini nisije nikaharibu jambo kwa kuligeuza kuwa chombo cha kazi. Nabokov hakuwapenda vipepeo ili aandike vizuri. Aliwapenda vipepeo. Beatrix Potter, Mwingereza aliyeandika hadithi za sungura kwa watoto, kabla ya sungura alichunguza uyoga kwa miaka, akachora mamia ya picha. Mwaka 1897 maandishi yake yalisomwa mbele ya jumuiya ya wanasayansi ya Linnean mjini London bila yeye kuwapo, kwa kuwa wanawake hawakuruhusiwa kuhudhuria. Mlango huo ulipofungwa alihamia mashambani na mwisho akawa mfugaji hodari wa kondoo wa Herdwick. Alipofariki mwaka 1943 aliacha mashamba 14 yahifadhiwe kwa ajili ya umma. Katika miaka yake ya mwisho kondoo walimshughulisha kuliko vitabu, na sioni kwamba alipungukiwa na kitu.

Nirudi nyumbani. Mwalimu Julius Nyerere tunamhesabu kwanza kama kiongozi, na ni sawa, lakini leo naomba tumtazame kama mtu wa kalamu. Tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare kuhusu Julius Caesar ilitoka mwaka 1963, akiwa rais wa nchi changa isiyo na wataalamu wala fedha. Mwaka 1969 ikatoka tafsiri iliyosahihishwa, Juliasi Kaizari, na mwaka huo huo Mabepari wa Venisi. Baada ya kung'atuka akatunga tenzi za Injili, zilizochapishwa mwaka 1996. Kwa mtu aliyekuwa na nchi mabegani, kutafsiri kulikuwa ndilo jambo la pembeni, lile alilolifanya kwa mapenzi.

Na alikuwa na la pembeni zaidi: bao. Bao letu lina mashimo 32 na kete 64. Hakuna dadu, hakuna karata iliyofichwa. Kila kitu kiko wazi mbele ya wachezaji wote wawili na mbele ya wale waliosimama nyuma, ambao daima wanajua zaidi. Unaanza na kete 22 mkononi, unanamua, yaani unaziingiza ubaoni moja moja, na zikiisha mnaingia mtaji, mkicheza kwa zilizomo ubaoni tu. Anayeshinda ni anayebeba hesabu ndefu kichwani bila kugusa kete: nikila hapa zitazunguka mpaka wapi, nitalala wapi, mwenzangu ataniachia nyumba yangu salama au ataipiga? Kete hazijui urais. Ukikosea hesabu unaliwa, na watu wanacheka. Mimi naona uhusiano mkubwa kati ya kichwa hicho na kichwa kinachoweza kuchukua mstari mgumu wa Shakespeare na kuusogeza huku na huku mpaka ukae katika Kiswahili bila kupungukiwa na mizani. Kote kuwili unafungwa na kanuni ambazo hukuzitunga wewe, na uhuru wako wote unautafuta ndani yake.

Mwingine ni Okot p'Bitek wa Gulu. Alizaliwa mwaka 1931. Alikuwa mwalimu, na alikuwa mwanasoka hodari kiasi cha kuchaguliwa timu ya taifa ya Uganda iliyokwenda Uingereza mwaka 1956, wengi wao wakicheza bila viatu. Ziara ilipokwisha, Okot alibaki kusoma: ualimu Bristol, sheria Aberystwyth, kisha elimu ya jamii za watu Oxford. Yaani mtunzi wa Wimbo wa Lawino, uliotufikia kwa Kiswahili kwa mkono wa Paul Sozigwa, alifika Oxford kwa miguu yake, kwa maana halisi kabisa ya miguu. Tena mama yake alikuwa mwimbaji, na yeye mwenyewe aliishi katika ngoma. Mnapomsoma Lawino, mwanamke anayezungumza katika wimbo huo, tazameni jinsi anavyosimama. Hazungumzi peke yake chumbani. Anasimama uwanjani, watu wamezunguka, anamtaja mpinzani wake kwa jina na kumwonyesha kidole, na anawaita ndugu zake washuhudie. Mtu aliyecheza mbele ya maelfu anajua kwamba watazamaji hawadanganyiki: wanaona aliyechoka, wanaona anayejifanya ameumia.

Najua pingamizi. Mtasema: muda wenyewe uko wapi? Mwandishi wa Kiswahili hana hata muda wa kuandika, na wewe unamwambia akacheze bao na akamate vipepeo? Pingamizi hili ni la haki na sitalikwepa. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali ya kikoloni kwa sehemu kubwa ya maisha yake: forodhani Pangani, kisha idara ya wanyama, kisha ofisi za Tanga, mwisho idara ya upimaji. Hakuchagua forodha kwa mapenzi. Alibaki katika ukarani kwa sababu vitabu havikumlisha, na mpaka leo vitabu haviwalishi waandishi wetu walio wengi. Sitaki mtu yeyote atoke hapa akisema kwamba umaskini ni mwalimu mzuri wa waandishi. Mtu anayehangaika kupata kodi ya nyumba hana shughuli ya mapenzi, ana mzigo. Wachapishaji na serikali zetu wanalo deni hapo, na deni hilo halifutwi na mifano yangu.

Na wanawake wana mzigo maradufu. Mwandishi mwanamume akilima bustani tunasema ana bustani. Mwandishi mwanamke akipika, akisuka ukili, akishona makawa, akipaka hina, tunasema ni kazi za nyumbani, wala hatumuulizi kitu. Lakini msusi wa ukili anahesabu miyaa kwa kichwa kama mcheza bao, na mshona kofia hupanga mapambo ambayo yakikosewa tundu moja yanaharibika yote. Kama tunataka kujua mizani ya mashairi ya wanawake wa pwani imetoka wapi, lazima tuwe tayari kuangalia mikono yao.

Hilo linanifikisha kwenye jambo linaloniuma. Fungueni vitabu vyetu vya kiada, someni kurasa za wasifu wa waandishi. Amezaliwa mwaka fulani, amesoma shule fulani, ameandika hiki na hiki, amepata tuzo hii. Mwandishi mmoja ukimbadilisha na mwingine ukaacha tarehe, wasifu hautashtuka. Shaaban Robert alituachia Maisha Yangu kwa mkono wake mwenyewe, na ni bahati. Wengi hawakuacha. Mwaka 2020 peke yake tulimpoteza Euphrase Kezilahabi mwezi Januari na Ken Walibora mwezi Aprili. Tahakiki juu ya vitabu vyao zinajaza rafu. Juu ya siku zao za kawaida, juu ya walichokifanya Jumapili mchana, tumeandika nini? Waingereza wanajua Conan Doyle alidaka mpira katika timu ya Portsmouth kwa jina la kubuni. Sisi hatujaweka hata nusu ya hayo juu ya watu wetu, ilhali waliokaa nao mezani bado wako hai, wanakwenda sokoni kila siku, na wengine wamo ndani ya ukumbi huu.

Kwa hiyo ninayo maombi, na nayatoa kwa moyo wangu wote. Ninyi wanafunzi mnaotafuta mada za tasnifu: mwakani asiwepo mtu wa kunipigia simu kuniuliza dhamira katika riwaya ambayo imeshachambuliwa mara hamsini. Mtafuteni mwandishi mmoja aliye hai katika wilaya yenu. Mwendeeni kwa heshima, mkiwa na ruhusa yake na ya jamaa zake, na muulizeni mikono yake hufanya nini siku asiyoandika. Kama ana shamba, mwombeni awapeleke shambani. Kama anacheza bao, simameni nyuma yake mtazame. Ongeeni na wenzake wa kazini, maana wao wanakumbuka yale ambayo yeye anayaona hayana maana. Andikeni kwa tarehe na kwa majina ya mahali, hifadhini nakala katika maktaba ya chuo. Nanyi wahariri mliopo, katika kila kitabu kipya tengeni kurasa nne au tano za mwisho kwa ajili ya maisha ya mwandishi nje ya kitabu, mkamlipe kwa kurasa hizo kama mnavyomlipa kwa nyingine. Anzeni na wazee. Anzeni mwaka huu.